Pikipiki Yangu Imenipita

Makalio ya binadamu yana kumbukumbu kuliko kichwa. Kichwa changu husahau miwani iko wapi wakati imekaa juu yake. Lakini Jumanne iliyopita nilipanda pikipiki ya abiria nje ya soko la Rumonge nikirudi Mutambara, na hatujapita hata nyumba kumi, kitu kikanichoma paja la kulia. Nikasogea kushoto. Kikanichoma tena, safari hii kwa upole, kama mtu anayekugusa bega akitaka kujua kama humtambui. Nikapitisha mkono chini, nikapapasa. Kiraka. Kiraka cha turubai, mishono kumi na mmoja ya uzi mwekundu, wa mwisho umepinda kwa sababu fundi viatu alikuwa akiumalizia huku adhana ya alasiri imeshaanza.

Mshono ule naujua. Nilikuwa nimemsimamia fundi nikimwambia aharakishe.

"Kijana," nikamwambia motari, "tangi la pikipiki hii lina bonde upande wa kushoto?"

Akapunguza mwendo. Ukimuuliza motari habari za chombo chake, mawazo yake ya kwanza ni polisi. "Mzee, kadi ipo. Asiransi ipo."

"Sikuulizi kadi. Nauliza bonde."

"Bonde lipo," akasema. "Nimelikuta."

Bonde lile nililitia mimi, kwa bidoni la lita 20 la mawese ya mama watoto lililonichomoka mikononi nikilipandisha pikipiki. Mama watoto aliuliza kwanza kama bidoni limepasuka, halafu akauliza kama nimeumia, na la pikipiki hakuliuliza kabisa. Sasa hapo nilipo, nimekaa juu ya kiraka changu, ubavuni pa bonde langu, nasikiliza honi yangu ikilia vile vile kama mbuzi aliyeonewa, na tulipofika nikatoa mfukoni elfu 3 nikalipa nauli. Mwaka niliouza pikipiki hiyo, safari ile ile ilikuwa faranga mia tano.

Mimi ni mwalimu wa hesabu mstaafu. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue aibu yangu ina kimo gani.

Pikipiki hiyo ni TVS, ya Kihindi, nyekundu zamani zile. Niliinunua mpya mwaka 2014 kwa milioni 2 na laki 4. Mwaka 2019 nikaiuza kwa milioni 1 na laki 8. Siku ile nilirudi nyumbani naona haya, kwa sababu kwa hesabu zangu nilikuwa nimemwibia mnunuzi. Kwa miaka thelathini na miwili nimewafundisha watoto wa mwambao huu somo la uchakavu: chombo hupungua thamani yake kila mwaka, tuseme kwa asilimia 20 ya kilichobaki. Chukua milioni 2 na laki 4, zidisha kwa 0.8, mara tano. Jibu: 786,432. Mimi nimepokea zaidi ya mara mbili ya hapo! Usiku ule niligeuka geuka kitandani. Nikawaza hata kumrudishia yule bwana laki mbili ili nipate usingizi.

Mpango wangu ulikuwa umeandikwa kwenye daftari lenye mistari, kwa kalamu ya bluu. Pikipiki inauzwa, fedha inawekwa, inaongezwa kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara, magari ya okazioni nayo yanaendelea kuchakaa na kushuka bei kama kitabu kinavyotaka, na siku mstari unaopanda utakapokutana na mstari unaoshuka, siku hiyo mwalimu ananunua gari. Nilichora hata grafu. Mistari ilikutana Septemba 2023.

Mama watoto, ambaye elimu yake ni ya kupima mawese kwa jicho, aliitazama ile grafu, akauliza: "Unauza jembe ili ununue trekta. Msimu wa katikati utalima na nini?"

Nikamwambia hilo ni swali la mtu asiyejua grafu.

Basi fedha nikaiweka ndani ya kopo la biskuti. Benki sikutaka, kwa sababu benki kuna foleni, na kopo halina foleni. Nikawa naongeza noti za elfu 10, moja moja, kila mwezi. Mwaka 2020 ukaja na maradhi yake, dunia ikajifungia ndani, viwanda vikakosa vile vijipande vya elektroniki vinavyoliwezesha gari jipya kuwaka, na wenye fedha huko Ulaya na Marekani, walipokosa magari mapya, wakageukia mitumba. Mzungu naye akawa anagombania okazioni! Nikasema hayo ni ya kwao, yatapita, kitabu hakijabadilika.

Machi 2022 nikapata matumaini makubwa. Serikali ilipiga marufuku pikipiki, bajaji na baiskeli za abiria katikati ya jiji la Bujumbura. Nikapiga hesabu haraka: vyombo vyote vile vinatolewa mjini, wenyewe watavipeleka wapi? Watauza. Vitateremka kwetu Rumonge kama ndagala wa usiku wa giza, kila mtu anachota na ndoo yake. Nikaenda kusimama kando ya barabara kuu ya kutoka Bujumbura, mikono nyuma, kama mkaguzi. Pikipiki zikaja kweli. Zikanipita na wenyewe juu yake, zikaenda kuegeshwa sokoni, zikaanza kubeba abiria. Hakuna aliyekuwa anauza. Kilichoongezeka ni motari. Bei ya pikipiki haikutikisika.

Halafu ukaja mwaka 2023, ambao mimi nitawasimulia wajukuu. Mwezi Mei, dola kwenye benki ikatoka kama faranga elfu 2 ikaruka hadi elfu 2 na mia nane na ushei. Kurupu, kama chura. Mwezi Juni Benki ya Jamhuri ya Burundi ikatangaza kwamba noti za elfu 5 na elfu 10 zinatolewa kwenye mzunguko, na wenye nazo wamepewa siku 10 kuzipeleka. Siku kumi! Mimi mwenye kopo lililojaa noti za elfu 10, ambaye niliikimbia foleni ya benki kwa miaka minne, nikaenda kusimama kwenye foleni ya miaka minne kwa mkupuo mmoja. Na kopo nimelikumbatia, kwa sababu mfuko wowote ungeonyesha umbo la fedha, kumbe kopo la biskuti ndilo lililoonyesha zaidi. Kila aliyepita akasema, "Mwalimu, karibu biskuti."

Karani alihesabu kwa sauti. Nyuma yangu alikuwa amesimama mama watoto, amekuja na vijisenti vya mawese yake, na hapo ndipo alipojua kwa mara ya kwanza jumla kamili ya kopo. Kilichofuata nyumbani hakihusiani na safu hii.

Nilipotoka benki nikafungua daftari. Fedha ya pikipiki moja, niliyoilea na kuinenepesha kwa miaka minne, sasa haitoshi pikipiki moja. Wala nusu ya gari haifikii. Mstari wa kushuka ulikuwa umegeuka, ukapanda, ukatoka nje ya karatasi.

Mwaka jana nikasema liwalo na liwe, walau nikaone kwa macho. Nikapanda Probox ya abiria kwenda Bujumbura. Kwa wasiojua barabara yetu: sisi Burundi tunaendesha upande wa kulia, lakini magari yetu mengi yametoka Japani, ambako wanaendesha kushoto, kwa hiyo usukani uko kulia. Ukitoka Bujumbura kuja Rumonge, dereva amekaa upande wa ziwa, anaona mukeke wakianikwa, anaona mitumbwi, anaona kila kitu isipokuwa gari linalokuja mbele yake. Akitaka kulipita lori, anayeona ni abiria wa mbele kushoto. Kwa hiyo mtu aliyelipa nauli ndiye anayefanya kazi ya dereva. Siku ile nilikuwa mimi. Kutoka Magara hadi Kabezi nilipiga kelele "Ngoja! Ngoja! Sasa! Hapana, ngoja!" hadi koo likakauka, na tulipofika dereva akanidai nauli kamili.

Nikaenda Buyenzi, kwa sababu mtu wa Rumonge akitafuta gari Bujumbura bila kwenda Buyenzi ni kama anatafuta samaki kwenye duka la vitambaa. Buyenzi ndiko mafundi waliko, ndiko vipuri viliko, na ndiko unakoweza kupatana bei kwa Kiswahili bila kuombwa radhi. Komisioneri mmoja akanipokea kabla sijashuka. Dalali wa huku kwetu ana pua ya paka: anajua nani ana fedha, na nani ana daftari tu. Sijui kwa nini mimi alinipokea.

Akanionyesha Ti. Toyota Carina Ti, kipenzi cha Warundi. Rangi ya fedha, taa moja nyeupe na nyingine imegeuka manjano kama jicho la mgonjwa wa ini. Nikauliza ni ya mwaka gani.

"Mwalimu, Ti haina mwaka. Ti ni Ti."

Lakini ina mwaka, na mimi naujua: Toyota waliacha kutengeneza Carina mwaka 2001. Gari changa kuliko zote za aina hiyo limeshatimiza umri wa kuoa na kupata mtoto wa pili. Nikafungua mlango, ukafunguka kwa kuinuliwa kidogo, kama mlango wa banda la kuku. Redio nikaiwasha, namba zikaishia 90, kwa maana Wajapani stesheni zao ziko chini huko, na sisi nyingi zetu ziko juu. "Hiyo nzuri," komisioneri akasema, "haikupotezei mawazo ukiendesha." Kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi zilikuwa chache kuliko nilizotembea mimi kwa miguu tangu 2019. Nikamuuliza nani alikuwa analitumia.

"Sista. Kanisani na kurudi."

Ni ajabu ya Mungu. Kwa idadi ya magari yaliyotumiwa na masista mjini Bujumbura, kila sista angekuwa na magari arobaini na asingebaki hata mmoja wa kusali.

Kando yake kulikuwa na Vitz. Alipowasha, sauti ya mwanamke ikasema kitu kwa Kijapani, kwa adabu sana. Nikauliza anasema nini. Komisioneri akasema, "Anakukaribisha." Mpwa wangu aliyewahi kusoma Japani ameniambia baadaye kwamba magari yale mara nyingi hulalamika kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Yaani mama wa watu amevuka bahari yote hiyo, amefika Buyenzi, na bado anadai kadi. Nilimwelewa. Na mimi nina madai ya mwaka 2019 ambayo siachi kuyataja.

"Haya," nikasema, "Ti ni kiasi gani?"

Akataja kwa dola.

"Dola gani?" nikauliza. "Ya benki au ya barabarani?"

Akacheka mpaka akaegemea gari, na mlango ukafunguka wenyewe. Dola ya benki ni kama yule sangala mkubwa wa hadithi: kila mvuvi wa Minago ana binamu aliyemwona, lakini hajawahi kuletwa sokoni. Ya benki ilikuwa chini ya elfu 3. Ya barabarani, kuna wakati mwaka 2025 iliruka elfu 7. Katikati ya namba hizo mbili kuna gari zima, na gari hilo ndilo ninalokosa mimi. Nilipobadilisha bei yake kwa dola ya barabarani, ikazidi milioni 30. Nikaigawa kwa pensheni yangu. Jibu halikuja kwa miezi, lilikuja kwa miaka, na miaka hiyo ilizidi umri wa gari lenyewe.

Nilirudi Rumonge nimekaa nyuma, katikati, nisikotakiwa kupiga kelele.

Sasa, mwalimu haachi swali bila kulitafutia njia. Nimekaa nikafuatilia, na nikagundua kwamba Mjapani hana kosa. Mjapani gari lake jipya linakaguliwa likitimiza miaka mitatu, halafu kila miaka miwili, na ukaguzi huo ni ghali, kwa hiyo gari likianza kuzeeka anaona heri alitoe mnadani kuliko kulilipia. Ndiyo maana sisi tunapata magari. Mwaka 2024 sarafu yao, yeni, ilianguka mbele ya dola kuliko ilivyowahi kuanguka tangu mwaka 1986. Niliposikia hivyo nilifurahi siku moja nzima, nikamwambia mama watoto Wajapani wanakaribia kuyagawa bure. Kumbe kati yangu na yeni amesimama dola, naye kwangu haanguki. Wao walijikwaa, sisi tulikuwa tumeshalala chini.

Halafu gari linapanda meli, linashuka Dar es Salaam, linavuka Tanzania nzima hadi Kobero au Mugina, na mpakani linapokelewa na ushuru wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, asilimia 25, na kodi ya thamani, asilimia 18, na vingine vinavyofuata nyuma kama vifaranga. Majirani wana masharti. Kenya haipokei gari lenye zaidi ya miaka 8. Uganda mwaka 2018 ilikataa lenye zaidi ya 15. Ile Ti ya sista ingeshuka Mombasa ingerudishwa melini kabla haijakanyaga nchi kavu. Hapa kwetu inaitwa kipenzi.

Shemeji yangu, ambaye hana kazi lakini ana mawazo, akaniletea mpango. Kigali tangu Januari 2025 hawasajili tena pikipiki mpya za petroli za kubeba abiria, wanataka za umeme. Akasema zile za petroli sasa zitatupwa kwa bei ya baiskeli, twende tukaokote. Mpango mzuri kabisa. Tatizo ni kwamba mpaka wetu na Rwanda umefungwa tangu Januari 2024. Akabadilisha: basi tuvuke kwa boti hadi Kigoma, tununue huko, tulete usiku. Nikamwambia pikipiki iliyovuka ziwa bila karatasi ni kama samaki, ikishikwa nchi kavu imekufa, na mwenye nayo anafuata. Hata hivyo Kigoma wanataka shilingi, na shilingi nayo siku hizi inaitazama faranga yetu kwa dharau, kama binti aliyeolewa na tajiri.

Lakini kuna fumbo moja ambalo lilinikosesha raha kuliko yote. Nchi hii esansi haipatikani. Miaka sasa. Magari yamepangwa mbele ya vituo vya mafuta, wenyewe wanalala ndani, wanapiga mswaki ndani, kuna wanaume wake zao wanawapelekea chakula foleni kama wagonjwa waliolazwa. Huku mwambaoni tunainunua kwa chupa za maji za lita moja na nusu, kutoka kwa vijana ambao huwaulizi imetoka wapi, na bei yake ukiisikia unatamani kuinywa badala ya kuiunguza. Sasa nambie: nchi ikikosa unga, bei ya sufuria itapanda? Gari bila esansi ni kibanda cha bati chenye vioo. Ilipasa yashuke! Nimeandika hili kwenye daftari na kulipigia mstari mara mbili.

Mwenye jibu alikuwa mama watoto, na alilitoa akiwa anachuja mawese, bila hata kunigeukia. "Hawanunui ili waende popote," akasema. "Wananunua ili fedha isiyeyuke. Faranga ukiilaza usiku, asubuhi imekonda. Chuma ukikilaza, asubuhi ni kile kile."

Nikasema chuma kina kutu.

"Kutu inakula polepole kuliko lile kopo lako."

Tangu hapo nikitembea Rumonge naona vitu vilivyokuwa mbele ya macho yangu. Ile Corolla iliyofunikwa turubai kwa jirani, haina magurudumu, imepandishwa juu ya matofali: ile si gari, ile ni benki. Wale vijana wenye pikipiki tatu tatu wanaozikodisha kwa siku, na hawajui hata kuziendesha: hao ndio wenye akiba. Na walio karibu na maji, Kanyenkoko kule, ambako ziwa lilipopanda miaka hii likaingia majumbani bila kubisha hodi, kuna waliohamisha pikipiki kwanza halafu wakarudia godoro. Zamani ningewacheka.

Basi Jumanne ile, baada ya kulipa elfu 3 zangu, nilimwomba motari anipeleke kwa tajiri wake. Hakutaka. Nikamwambia mimi ndiye niliyeshona kiraka. Akanitazama kama mtu aliyekutana na mzee wa ukoo, akasema panda.

Tajiri tulimkuta barazani kwake, anakunywa chai ya rangi. Aliponiona aliruka kama amekalia kaa la moto.

"Mwalimu! Salaam aleikum, Mwalimu! Karibu, karibu. Wewe, leta kiti, huyu amenifundisha hesabu!"

Moyo wangu ukapanda bei. Mwanafunzi wangu! Nikakaa, nikaletewa chai na andazi, nikasifiwa, nikaulizwa hali ya mgongo. Halafu nikasema shida yangu: nataka kuinunua tena pikipiki ile.

"Kwako wewe, Mwalimu," akasema, mkono kifuani, "milioni 5 na nusu. Mtu mwingine ningemwambia 6."

Andazi likanikwama. Nikanywa chai, likashuka. "Mwanangu, pikipiki hiyo mimi mwenyewe niliiuza kwa milioni 1 na laki 8."

"Kweli, Mwalimu. Lakini tangu wakati huo imepata uzoefu."

"Ina miaka kumi na moja!"

"Pistoni mpya. Mnyororo mpya. Taili la nyuma nimebadilisha mara nne."

"Kiraka ni kile kile."

"Kiraka hicho sikuhesabu," akasema. "Hicho nakupa."

Nikatoa kalamu, nikaomba karatasi, nikamwonyesha. Milioni 2 na laki 4, zidisha kwa 0.8, mara kumi na moja. Nilifanya hatua kwa hatua, kama ubaoni. Jibu: faranga 206,158. Nikapigia mstari, nikamsogezea.

Akaisoma ile karatasi kwa heshima kubwa. Akaikunja. Halafu akasema kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kumwaibisha mzazi wake:

"Mwalimu, unaukumbuka mtihani wa 2006? Swali la tatu. Mtu amenunua baiskeli, inachakaa kila mwaka, baada ya miaka kumi itauzwa bei gani?"

Swali nalikumbuka. Nimelitoa miaka mingi, nikibadilisha rangi ya baiskeli tu.

"Mimi niliandika kwamba itauzwa ghali kuliko alivyoinunua, kwa sababu wakati huo mpya haitapatikana na fedha itakuwa imelegea. Ukanipa sifuri kwa tano. Ukaandika kwa kalamu nyekundu, kwa Kifaransa kikali, kwamba nifikiri."

Motari, aliyekuwa amesimama mlangoni, akatoka nje kwenda kuchekea huko.

Nilimaliza chai. Nikaaga. Tajiri akaamuru nirudishwe nyumbani bure, na hilo lilinichoma zaidi kuliko lile la bei, ingawa sikukataa, jua lilikuwa kali. Njia nzima nilikaa juu ya mishono yangu kumi na mmoja bila kusema neno, na kila tulipopita shimo honi ilijilia yenyewe.

Nimepekua nyumba nzima nikitafuta daftari la alama la mwaka 2006. Nimelipata ndani ya sanduku, panya wamekula kona, lakini jina lake lipo na sifuri yake ipo, nyekundu, imetuna. Nimeifuta nikaandika tano, nikaweka saini na tarehe ya leo. Wengine mlioandika kama yeye kwenye mtihani ule, mkisoma hapa, njooni na karatasi zenu, nitawasahihishia upya bila malipo. Na kama kuna mwenye pikipiki chini ya milioni 2, hata haina vioo, hata haina honi, asubuhi mimi hupatikana nje ya soko la Rumonge, nimekaa nyuma ya motari juu ya kiraka chenye uzi mwekundu.